Ngazi ya Nne

Milembe amekodi chumba kule Kirumba
kilichokuwa cha kugandishia sangara.
Kuta bado zinanuka, hasa mvua ikikaribia.
Humo ameweka tanuri, meza mbili, rola ya wino,
na mifuko ya udongo mweupe
uliopanda meli, ukapanda lori,
ukalipiwa ushuru mara mbili
kwa sababu karani hakuamini
kwamba mtu mwenye akili zake anaagiza udongo.

Aliniita niione nyumba.
"Wewe ndiye uliyeijenga," alisema. "Ikague."

Kweli, niliijenga.
Saruji niliipandisha kichwani, mfuko baada ya mfuko,
kutoka barabarani hadi juu kule Mabatini
ambako jiwe ndilo mwenye kiwanja
na sisi sote wapangaji wake.
Msingi hatukuchimba. Utachimba nini?
Tulitazama jiwe limelala ubavu gani
tukajenga kwa kuufuata usingizi wake.

Sasa yeye alikuwa ameichonga kwenye lino
kinyumenyume: mlango wa kushoto uko kulia,
bati limeupa mgongo upepo usiokuwapo.
Nikamwambia, "Binti, hapa umekosea."
Hakujibu. Akapitisha rola,
akalaza bamba la kaure juu ya wino,
akakandamiza kwa viganja, polepole,
kama anayemlaza mtoto mwenye homa,
kisha akalibandua.
Nyumba ikageuka, ikakaa sawa,
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake akiwa ametupa kisogo.

Vyote vilikuwapo.
Tangi la Mzee Budodi. Waya wa kuanikia.
Dirisha moja fupi, maana mbao ziliniishia.
Hata ile X nyekundu ya halmashauri,
ambayo vijana waliipiga ukutani
bila kubisha hodi.
Hiyo X hakuichonga. Aliipaka mwisho, kwa brashi,
kwa pupa, huku anatazama pembeni,
maana, alisema, ndivyo ilivyopakwa.

"Ngazi," nikasema.
"Kumi na moja. Nilizihesabu."
"Ya nne imeinuka kuliko wenzake.
Siku ile saruji ilikwisha, nikamalizia kwa jiwe.
Mgeni hujikwaa hapo.
Mwenyeji huinua mguu gizani bila kufikiri,
na sisi tulioko ndani tunajua nani anakuja."
Akachukua sindano,
akaipandisha ngazi unene wa unywele.

"Ikiingia motoni itanywea," aliniambia.
"Sehemu moja kati ya nane hupotea."
Nikakumbuka chumba cha Mama Ng'wandu,
futi nane kwa tisa, watoto wanne na cherehani.
Kinywee kielekee wapi?

Saa nne usiku umeme ukakatika.
Tulikaa gizani juu ya ndoo zilizofudikizwa,
tanuri likilia tik, tik, likipoa kabla ya wakati,
na Milembe akimtukana mtu wa Tanesco
ambaye hakuwa na jina wala hatia.
Umeme ulirudi saa saba. Akawasha upya.
Tulisubiri siku mbili.

Ilitoka imepinda kidogo, nyeupe kama meno ya maziwa,
na ufa ukutani, kuanzia dirisha fupi hadi chini.
Milembe akashika kichwa.
Mimi nilinyamaza.
Ufa ule naujua.
Niliuziba kwa plasta usiku wa kuamkia malipo,
nikapaka chokaa mara mbili,
na hadi leo hii hakuna niliyemwambia.

Akaiinua mbele ya balbu.
Mwanga ukapenya kuta nilizozijenga kwa tofali za inchi sita,
ukapenya tangi, waya, X.
"Nitaivunja," alisema. "Nitachapa nyingine."
"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Nipe."

Nikapitisha kidole kwenye ngazi.
Moja. Mbili. Tatu.
Kidole kikajiinua chenyewe.