Kwa Penseli

Barua ya gesi ilifika Jumanne moja ya Novemba,
bahasha ya kawaida, stempu imebandikwa upogo.
Bei mara tatu kuanzia Januari.
Niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa.
Tarakimu hazikujali.

Tanuri letu halijui usiku.
Tangu baba aliwashe, mwaka ule wa theluji ya Mei,
halijalala hata siku ya mazishi yake;
tulimzika kwa zamu.
Likipoa, chungu cha ndani hupasuka,
na chungu kikipasuka
kiwanda ni banda la njiwa.

Nilikwisha kuona mengine.
Mwaka hoteli zilipofunga milango
bilauri elfu tisa zilibaki kwenye majani makavu,
hakuna mdomo wa kuzigusa.
Mwaka uliofuata mikahawa ilirudi na njaa,
ikitaka kila kitu jana,
nami sina vijana: wamekwenda kufunga vifurushi
kwenye lile ghala kubwa la barabara kuu.
Kisha magadi ya kuyeyushia mchanga yakaadimika.
Kisha mpaka. Kisha mshindani mwenye mashine
isiyokohoa, isiyoomba likizo.
Kila nilipokariri sheria za mchezo
mtu alikuja akabeba ubao.

Mshauri kutoka Praha, bwana Ctibor, viatu laini,
alinichorea mishale kwenye skrini.
Mishale yote ilipanda.
Nikamwuliza, "Na hapa, mwezi wa pili?"
Akajikuna shingo. "Hapo inategemea."
Nikamlipa.
Neno moja la kweli si haba.

Watu wangu ni thelathini na wanane.
Alhamisi walikusanyika karibu na joto:
Zdeňka wa hesabu, Bohdan na kovu lake la mkono,
Radovana mkata nakshi, mimba ya miezi saba,
wote wakinitazama mdomoni
kama wanaongoja majibu ya hospitali.
Nilikuwa na hotuba. Neno "imara" mara nne.
Nikaikunja.

Nikasema: sijui.
Najua mishahara hadi mwisho wa Februari.
Najua tanuri kubwa tutalizima wenyewe, Jumamosi,
kabla halijatuzima.
Dogo litabaki.
Machi siijui. Nikiijua mtaijua siku hiyohiyo,
hata ikiwa saa nane usiku.

Hakuna aliyepiga makofi.
Bohdan alitoka kuvuta sigara, hakufunga mlango.
Radovana akauliza, "Zamu ya kwanza ya dogo ni ya nani?"
Swali hilo lilikuwa kiti. Nikakaa.

Usiku wa Jumamosi tulisikiliza chungu.
Kwanza kama mtu anayealisha vidole,
kisha pa! kisha kimya, kisha pa!
Nilihesabu hadi kumi na moja nikaacha.
Sikulia. Nililia Jumatatu, dukani kwa mkate,
kwa sababu ya chenji.

Sasa tunapuliza vioo vya taa za reli,
vyekundu na vya kijani.
Baba asingeviweka kabatini.
Na hivyo navyo, wiki jana, wamebadili vipimo.

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa
niliwahi kutupia saa ya ukutani jicho
nikiwa na kioo kibichi nchani mwa bomba.
Jicho moja tu. Kikalala upande,
kikaning'inia kama ulimi, kikadondoka.
Bomba hulizungushi kwa kuwa unajua
kitatoka nini.
Unalizungusha.

Zdeňka huandika mpango wa mwezi kwa penseli.
Meza yake imejaa vumbi la ufutio;
kila Ijumaa analipuliza sakafuni,
pumzi moja fupi, mashavu yamejaa,
utadhani naye ni fundi wa tanurini.

Leo ni tarehe pili Machi.
Nimewaambia ninachokijua.
Kimejaza nusu ukurasa.
Bohdan akauliza, "Na Aprili?"
Zdeňka akachonga penseli.