Siku ya Faili Kupotea

Karani wa ardhi alilamba kidole, akafunua daftari,
akalifunga.
"Faili la marehemu babako limeingia chini ya mengine.
Njoo kesho. Leo tembea, dada, uione Malindi.
Mnara wa Mreno uko kule. Fuata upepo."

Sikufuata upepo. Nilifuata mkokoteni wa maji
uliokuwa ukilia gurudumu moja kama mtoto anayeota jino,
na nyuma yake Chengo, kwa shati
lenye jina la hoteli iliyokufa kabla yeye hajaoa.
"Mnara ni nguzo tu," akasema, "imesimama, haina habari.
Mimi huuza madumu arobaini kwa siku.
Najua mji huu unanywea wapi."

Maweni kwanza: shimo ambamo mji ulichimbuliwa.
Kila ukuta nilioupita asubuhi
umeacha pengo lake hapa, la umbo lilelile.
Chini kabisa vijana wanacheza kandanda.
Mpira haujui kutoka nje; hugonga jiwe, ukarudi.
Sisi juu, miguu ikining'inia ukingoni,
tulishangilia visogo.

Kisha uchochoro wa Fundi Shebwana,
anayeshona miavuli ya ufukweni ikichanika.
Vipande vinavyobaki hugeuka mikoba ya shule,
na saa saba, kengele ikilia,
mistari ya buluu na nyeupe ya hoteli tatu
ikapita mbio ikiulizana hesabu za sehemu.

Askrimu ya ukwaju nilikula nimesimama.
Mwuzaji aliipiga mashine teke, akaitukana Kitaliano.
"Kiswahili haisikii," akaniambia kwa upole,
kama mtu anayemwombea radhi mkwe.

Mwisho, Kisumu Ndogo, mlango wa pazia la shanga.
Hodi. Starehe.
Bi Mbodze aliwaandikia watu barua za Kitaliano
miaka ishirini na minne, kabla simu hazijajifunza kuandika.
Wasichana walileta maneno yao kwa Kigiriama,
wavulana wa pwani wakaleta picha tu, wakasema, "Ongeza wewe."
Majibu yaliyokosa wenyewe ameyaweka
ndani ya mkebe wa biskuti, chini ya kitanda.
Wenyewe wamehama. Wameolewa. Wengine walichoka tu.
Shilingi hamsini anakusomea moja,
jina amelifunika kwa dole gumba:
"Jina ni la mwenyewe. Maneno ni ya mji."

Alinisomea:
*Huku theluji. Nimenunua embe, bei ya viatu.
Halina harufu.
Nimelila lote, nimesimama jikoni, taa imezimwa.*

Tulinyamaza, hata Chengo, ambaye amelisikia mara sita.

Nikauliza, kana kwamba ninauliza njia ya choo,
kama mlikuwa na ya Mwakio, mpishi, mtu wa Wundanyi,
aliyekaa hapa miaka tisa
akaturudia na hati ya kiwanja na chumvi nyingi kwenye mboga.
Hakufungua mkebe.
"Wapishi walikuja usiku, aproni imekunjwa kwapani.
Mmoja alikuwa na kovu la mafuta hapa."
Akajigusa kifundo cha mkono.
Nikamwambia wapishi wote wana kovu hapo.
"Ndiyo," akasema Bi Mbodze. "Wote."

Nilimpa mia. Hakunirudishia chenji, wala sikungoja.

Asubuhi karani alilamba kidole.
"Mnara uliuona?"
"Sikufika."
Akatikisa kichwa kwa huruma ya mwenyeji.
"Na faili, dada, bado. Labda Jumatatu."
Nikamshukuru kwa sauti iliyomfanya ainue macho.
Nje, mtaa wa pili, gurudumu lilikuwa linalia.