Hatuna Mgonjwa

Mama alishuka kwenye basi la Mpwayungu saa tatu asubuhi,
viatu vya kanisani mguuni, vumbi jekundu hadi gotini.
Kwetu kusini, Dodoma huitwa kule juu,
na mtu akiaga kwamba anakwenda kule juu
huulizwa kwanza: nani anaumwa?

"Hakuna," nilikuwa nimemwambia kwenye simu. "Njoo tu, tutembee."
Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekata.
"Tutembee twende wapi?"

Nilianza na Mlima Simba.
Aliukagua kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani,
mbele, ubavuni, mkiani.
"Huyo simba yuko wapi?"
Nikamwonyesha kichwa. Nikamwonyesha mgongo.
"Hilo jiwe," akasema. "Kwetu yapo, yamelala tu, hayajisifu."

Stesheni, treni ya umeme haikumshtua.
Kilichomshtua ni vigae:
"Nani anadeki pote hapa, na maji anayatoa wapi?"
Kuanzia hapo hakutazama tena majengo.
Alitazama matenki, yale meusi juu ya mapaa,
akayahesabu mpaka shingo ikamuuma.
Arobaini na moja. Akaacha.

Njaa ilitukuta Barabara ya Saba.
Nilikuwa nimechagua hoteli yenye mapazia,
vyakula vya asili vimeandikwa kwa chaki ukutani:
ugali wa uwele, mlenda, maziwa mgando.
Alisoma taratibu, kidole hewani,
kisha akacheka mpaka mhudumu akageuka.
"Mlenda elfu sita! Mimi Mbeleje
nimeuacha sufuriani alfajiri, paka anaulamba bure!"

Basi unataka nini, mama?

Akakunjua pindo la kanga. Akalikunja tena.
"Chipsi mayai,"
akasema, kwa sauti ya mtu anayeungama.

Miaka yote ile, akasema,
mwaka wa surua, mwaka wa mguu wako,
mwaka wa Chilongola,
nje ya geti la hospitali alikuwapo kijana anakaanga.
Harufu inapanda, inaingia wodini,
inakaa nasi kitandani kama ndugu.
Hela ilikuwa ya sindano.
Hela ilikuwa ya dripu.
Mara ile ya mwisho ilikuwa ya gari, la kumrudisha nyumbani.

Tukaenda.
Kijana hakuwa yule, bali karai lilikuwa jeusi vilevile.
Mama alikula kwa kijiti, kimoja kimoja,
mafuta yakimteremka mpaka kwenye kiwiko,
na mimi sikuthubutu kumpa karatasi.
"Chumvi imezidi," akasema.
Akaagiza sahani ya pili.

Kwa chenji tukanunua zabibu, zile nyeusi za Agosti,
tukakaa kwenye benchi la saruji, ukuta wa hospitali mgongoni.
Mlinzi akatoka na daftari lake.
"Mbukwenyi. Muda wa kuona wagonjwa bado.
Wenu yuko wodi gani?"

Mama akatema mbegu kiganjani.
"Hatuna mgonjwa."
Akatulia, kama aliyesikia mtu mwingine akisema,
akalirudia neno polepole, alionje:
"Hatuna, baba. Tunakula zabibu. Karibu."
Mlinzi akatazama daftari, akatazama zabibu,
akachukua tatu.

Saa kumi nilimpandisha basi, kiti cha dirishani.
Mbegu alikuwa amezifunga kwenye pindo la kanga.
"Mzabibu hupandwa kwa pingili, mama, si kwa mbegu."
"Najua," akasema. "Nimelima tangu hujazaliwa,
leo wewe wa ofisini unifundishe?"
Akafunga kioo kwa sababu ya vumbi.

Usiku ule sikuoga mapema.
Nilikaa kibarazani na mikono yangu,
inanukia mafuta ya chipsi.