Ramani Inasema Tunayo

Kwenye ramani ya kampuni bonde letu ni zambarau,
na zambarau, ukisoma maandishi madogo pembeni,
maana yake ni: hawa wameshafikiwa.
Waliitandaza ukutani, ukumbi wa shule ya msingi,
projekta ikikoroma kama paka mwenye pumu,
na kijana wao, ambaye kiatu chake hakijaonja tope letu,
akaitua nukta nyekundu ya kalamu yake ya mwanga
juu ya paa la Delphia Stiltner.
"Hapa intaneti ni ya kasi," akasema.
Delphia alikuwa kiti cha pili kutoka mlangoni.
Akatazama paa lake likiwaka.

Mimi ni fundi wa nyaya. Miaka thelathini na moja
nimepanda nguzo za Sorrel Fork kwa kampuni hiihii,
mshahara wangu unatoka kwao,
kwa hiyo nilikaa nyuma, kofia magotini.
Lakini naijua nguzo ya kumi na nne.
Kindi walitafuna ganda la waya pale, shaba ikabaki uchi,
nikaagiza kifuniko kipya, ofisi ikajibu:
shaba haiwekewi kitu tena, inangojewa ife.
Nikaufunga waya kwa mfuko wa mkate,
ule wa nailoni wenye vidoa vya rangi. Na utepe.
Mvua ikinyesha unalia, lakini unalia huku unasema.

Sasa sikiliza hesabu ilivyopigwa.
Kitalu kimoja cha ramani ni maili kadhaa za msitu,
na kanuni waliyoichorea ilisema nyumba moja ikipata,
kitalu kizima kimepata.
Nyumba hiyo ni ya Hobart Lackey, dalali wa mbao, pale barabara kuu.
Hobart akifungua filamu sebuleni
sisi sote, kwa daftari la serikali, tumeitazama.
Hobart akila, sisi tunapiga mbweu.
Ruzuku ya kuleta nyuzi za kioo ilipita hapa mara mbili,
ikachungulia, ikaona zambarau,
ikavuta mlango taratibu, ikaenda kwa wahitaji.

"Na simu za mkononi mnazo," kijana akaendelea.
Tunazo. Mnara uko nyuma ya mlima
na mawimbi yake hayajui kupinda kona.
Ukitaka kuongea, panda makaburini,
simama juu ya Lemuel Ratliff, aliyezikwa 1931,
elekea kaskazini, usitikisike.
Bonde hili wenye mtandao ni marehemu.

Usiku wa barafu, Februari, umeme ulikatika.
Ocie, mume wa Delphia, mapafu yamejaa vumbi la makaa ya mawe;
mashine yake ya hewa ikanyamaza saa nane.
Shaba haiombi umeme wa nyumbani, huja na wake kutoka kituoni.
Delphia akanyanyua mkonga. Kukawa na mlio,
mlio uleule mbovu, wa kikaango chenye mafuta,
na ndani ya kikaango, mbali, mtu akasema:
Dharura, nakusikia.
Mfuko wa mkate ulishika.

Sikulisema hilo ukumbini.

Alisema yeye. Alipewa dakika tatu,
akatumia mbili kutafuta miwani,
kisha akafungua daftari la mapishi, kurasa za nyuma:
"Jumatatu, mvua, imekufa. Jumanne, mvua, imekufa.
Alhamisi, jua, inasikika nusu. Jumapili..."
Kengele ikalia. Mjumbe wa Tume akamshukuru
kwa jina lisilo lake.
Kando yake Ocie, mtungi wa oksijeni miguuni,
sss, sss,
hakuna aliyeuwekea dakika.

Uamuzi, tukaambiwa, utawekwa kwenye tovuti.
Mtu wa nyuma akacheka. Nadhani nilikuwa mimi.

Kesho wametabiri mvua.
Nimeshaweka mifuko miwili garini, na utepe,
na mke wangu anauliza kutoka jikoni
mikate yote hii mbona iko uchi mezani.