Malenga Ameombwa Anyamaze

Oulu, saa nane usiku, theluji imezimeza baiskeli.
Mchana mimi ni Ilmari, fundi wa lifti;
usiku, malenga wa ngazi ya arobaini.

Niliimba Wimbo wa Ushujaa. Wenzangu wakapata moyo,
na kuku wa sokoni nao wakapata.
Kuku!
Watatu wetu walidonolewa hadi kufa.

Nikaimba Bembelezo ili zimwi lilale.
Zimwi likapiga miayo tu.
Aliyelala fofofo ni Annukka, mganga wetu.

Wimbo wa Kasi nisiulizwe.
Daraja lilikuwa halijaisha.

Sasa wananilipa dhahabu nikae kimya.
Natajirika, gambusi linatandwa na buibui.

Jana, ndani ya lifti iliyokwama,
nilianza kupiga mluzi, nikauziba mdomo upesi:
nilikuwa na bibi mmoja
na mbwa wake mdogo.