Utenzi wa Dele la Ibra

Naanza kisimulizi
si cha vita, si cha wezi,
ni cha dele na wakwezi
na ugomvi wa mjini.

Ibra, mji wa magofu,
Jumatano kuna safu
ya wake wauza sufu,
mume haingii ndani.

Kaka yangu Zakariya,
imamu wa Sharikiya;
mume, kwa kura mamiya,
kaingia barazani.

Wote wawili wa Wete,
walogawana mkate,
leo hawagawi mate
wakiwapo hadharani.

Wakitaka kutukana,
Kiarabu hukikana,
Kipemba ndicho hunena,
wasijue mtaani.

Kumbe kinyozi Shafiki,
mwana wa Dhaka, hacheki,
amekishika, hachoki,
hukifasiri dukani.

Mume wangu Humeidi
alikuwa kaahidi
dele la shaba, lizidi
hata mnara, jamani!

Likawekwa kipilefti,
lang'aa kama yakuti,
mdomo, bila baruti,
walenga msikitini.

Kaka yangu akawaka:
“Nyumba ya Mola wataka
kuimiminia taka
za kahawa? Una nini?”

Mume kajibu, “Shemeji,
ni ukarimu wa mji;
wewe nawe, u mlaji
wa halwa za hitimani.”

Ijumaa kahutubu,
kisa: ndama wa dhahabu;
mume, safu ya karibu,
akajikuna shingoni.

Jumapili, Humeidi
kaleta fundi Majidi
kupima, kwa makusudi,
spika za msikitini.

Usiku likageuka!
Mdomo wasukasuka:
mara Nizwa, mara Maka,
mara kwa muuza tini.

Kaka: “Ni yeye mjumbe.”
Mume: “Ni shemeji, kumbe!”
Mimi, kimya kama ng'ombe,
nakoroga kikombeni.

Mawingu yakafunika,
wadi nalo likashuka,
usiku, hao wafika,
wana spana mfukoni.

Kila mtu kaviziya
mwizi kuja mvamiya,
kumbe maji yawajiya,
yakagota viunoni.

Wakaparamia shaba,
joho, kilemba na juba,
wakakaa, si kwa huba:
huyu juu, yule chini.

Kaka ana tende tatu,
mume na themosi yetu;
wakaangusha viatu,
vikaenda mabondeni.

Wakaanza: “Wakumbuka
Wete, tulipoanguka
na fenesi, tukacheka,
kisha fimbo za chuoni?”

Zimamoto kuwasili
wakuta ndugu wawili
wamelala tuli tuli,
joho moja mabegani.

Walipoona kamera
wakaruka kwa hasira:
“Huyu mwizi!” “Huyu jura!”
Na kinyozi yu kazini.

Nani basi, msomaji,
mwenye spana, mgeuzaji
wa dele lile la mji
watu wakiwa ndotoni?

Ni mie, mama Zuwena,
shoga zangu, twashikana,
kwa grisi, tochi na spana,
vicheko mitandioni.

Njama tulipanga kule
kwenye wanja na mchele,
dume halifiki pale,
na Shafiki hatuoni.

Kwa nini? Wao kwa mwaka
wamegombea birika,
falaji imekauka,
mitende yafa shambani.

Nikafunga jiko, gesi:
“Wali hamli; upesi
shikeni majembe, nasi
tutawakuta bondeni.”

Leo dele limelenga
falaji, na twaijenga;
mume na kaka mchanga
wazoa, wakilaani.

Uchaguzi waja tena;
mume ananadi jina,
kaka kaanza kunena
maneno ya mimbarini.

Spana yangu nimeweka,
grisi mpya nimepaka,
wakianza nitatoka;
siri hii, funikeni.