Wahazini wa Jua

Oulu, Desemba. Saa nne na nusu jua lilichungulia,
saa nane likaaga.
Sasa ni usiku, tumo chini ya ghorofa, chumba cha kuanikia nguo,
soksi za majirani zikining'inia juu ya ramani yetu
kama bendera za nchi iliyokwisha kushindwa.

Kitabu cha kanuni kinawaeleza kwa neno moja: waovu.
Kisha unene wa ngao zao,
na dadu ngapi za moto hutupwa wakikasirika.
Sirkku, mchezeshaji wetu, amelikata neno lile kwa penseli.
"Hakuna apikaye sumu akaiita sumu," anasema,
akimimina kahawa ya nne.
"Huiita dawa. Na huionja kwanza."

Basi akawapa wachawi wake imani,
akaikariri kwa sauti nyembamba, mikono ndani ya sweta:

*Jua ni kuni ghalani, si mto wa kufurika,*
*Kila mganga jikoni, gogo moja huondoka,*
*Tukizima vijijini, si hasira kutushika,*
*Tunawawekea nani? Wajao, hawajafika.*

Nilisisimka. Vina vina hila yake:
jambo likishalingana mwishoni
sikio hudhani limelingana na kati.

Veijo, dereva wa gari la kuzoa theluji,
alikwisha kushika dadu ya pande ishirini.
"Mimi nimekuja kuua, si kuhesabu."
Akatupa. Kumi na tisa.
Mhazini mmoja akaanguka na daftari lake,
na Sirkku akatusomea ukurasa uliofunguka:
kijiji, meko kumi na moja,
bibi mmoja anayeponya kikohozi kwa cheche ya kidole,
*azimwe kabla ya masika.*

Kumi na moja.
Hilppa aliacha kufuma.
Shule ya kijijini kwao ilikuwa na wanafunzi kumi na mmoja,
basi moja, paa linalovuja;
na karatasi ya kuifunga, mwezi wa Mei,
ilipita mezani kwa Sirkku kule halmashauri,
ikatoka na saini yake.
Hatukuwahi kulisema hili. Tulisogeza tu vikombe.

"Hesabu yao ni sahihi," Sirkku akasema, hakuna aliyemuuliza.
"Niliikokotoa mara mbili. Jua lao linaisha kweli."

Ndipo Aarni, miaka kumi na sita, chunusi na kofia ya sufu,
yeye ambaye kwa kawaida hula biskuti zetu na kunyamaza:
"Mnara wao una meko mangapi?"

Sirkku akafunua daftari. Akafunua tena.
Nje bomba la maji ya moto liligonga ukutani.
"Haumo," akasema,
na hiyo haikuwa sauti ya mchawi.

Nikafurahi, mimi mwizi wa kundi, mwenye kisu kilichovunjika ncha.
Nikaona nimewafasiri:
uovu wao haumo katika kujumlisha,
umo katika safu isiyopigwa mstari,
katika mkono unaohesabu joto la wengine
huku ukiota moto.
Nikataka hata kuliandika pembezoni mwa kitabu, pale penye neno lililokatwa.

"Wangeuandika," Hilppa akasema, macho kwenye sindano zake,
"yule bibi angezimwa vilevile."

Veijo akaokota dadu iliyoangukia kapu la nguo.
Hakuitupa.
Tuliahirisha hadi Alhamisi.
Sirkku alikunja ramani vibaya,
mito ikalala juu ya milima.

Halmashauri huzima taa za mtaa wetu saa tano usiku, kubana matumizi.
Nilikuwa nimefika kwenye sanduku la posta zilipokatika,
kwanza upande wa kanisa, kisha wangu.
Nikasimama kwenye theluji na jibu langu zuri mfukoni,
nikipapasa funguo.